Neno Uliloliruka Ukimsomea Mama Yako

Moraa, mama yangu,

Sitakuuliza hali, kwa sababu asubuhi nimekuona ukila viazi vitamu vitatu na kuacha cha nne kwa adabu tu. Sasa umeenda na mama yako kuagana na shangazi yako, na mimi nimebaki nikisema goti linauma. Goti ni zima. Nimekaa mezani, jua bado liko juu, na ninaandika Sabato mchana. Mama yako akinikuta ataniuliza kama hii si kazi. Nitamwambia ni ibada, naye atanitazama kwa lile jicho lake.

Kesho unaondoka. Mambo ya kuchemsha maji, kuficha pesa sehemu mbili na kutomwamini mtu wa stendi anayekuita dada, mama yako ameshayasema, na kwa unavyomjua atayasema tena gari likiwa linatoka. Langu ni moja, nalo linahusu ile karatasi ya kurasa sita uliyoiweka ndani ya bahasha ya kaki. Kuna kitu kuihusu ambacho sikukuambia Alhamisi, na kuna kitu kunihusu ambacho sijakuambia tangu uzaliwe.

Utashangaa kwamba ninaandika Kiswahili. Humu ndani Kiswahili ni cha wageni, cha redio na cha daktari wa mifugo. Lakini Ekegusii, lugha yetu, ninakijua kupita kiasi. Kwa Ekegusii ninaweza kulipamba kosa lolote likasikika kama bahati mbaya, na ungefika mwisho wa barua unanionea huruma. Kiswahili nilifundishwa kwa kiboko, kwa hiyo nikikiandika huwa natembea polepole nikiangalia ninapokanyaga. Nyanya yako, uliyepewa jina lake, alikuwa akicheka kwamba shuleni mnafundishwa kumwita mwanamume baba, wakati kwetu baba ni mama na mwanamume ni tata. Alisema mtu anayeanza kwa kumkosea mama yake atafika wapi na lugha hiyo. Mimi nimefika hapa, na leo nataka kutembea hivyo hivyo, polepole.

Unaijua kazi yangu kanisani. Mhubiri akija kutoka Nairobi au kutoka kaunti za ziwani, mimi ndiye ninayesimama kando yake, yeye akisema kwa Kiswahili au Kiingereza, mimi nikiwapa watu kwa Ekegusii. Wazee husema mahubiri yakipitia kwa Makori yanatoka matamu kuliko yalivyoingia. Kwa miaka mingi niliyapokea maneno hayo kama sifa, na nikirudi nyumbani nilikuwa nikiyarudia mbele ya mama yako iwapo hakuyasikia vizuri.

Ulikuwa na miaka tisa siku tulipokuwa tunakula baada ya ibada na ukaniambia, "Tata, mhubiri alisema Mungu atawaponya wengi. Wewe umesema wote."

Nikakujibu ni hali moja.

Ukafikiri kidogo, mdomo umejaa ugali wa wimbi, kisha ukauliza, "Sasa yule ambaye hataponywa atamuuliza nani?"

Mama yako alicheka mpaka akaweka sahani chini. Mimi nilikuambia ule chakula kabla hakijapoa. Lakini nilikutazama vizuri siku ile, na nikajua kwamba huyu mtoto akisoma, atasoma kweli. Hata leo sina wasiwasi na akili yako, na ninataka ulijue hilo kabla sijaendelea. Barua hii haitoki kwa mtu anayeogopa kwamba utapotea.

Mwaka uliopita umekuwa mrefu. Ulimaliza chuo, ukavaa lile joho, tukachinja, kisha ukarudi nyumbani ukakaa. Wenzako wote wamekaa. Madaktari wanagenzi hamkupangiwa vituo kwa sababu malipo yenu yalikuwa yanabishaniwa, wakubwa wakisema hivi, chama chenu kikisema vile, na wewe ukachukua kikapu ukaingia shambani na sisi. Sikuwahi kukusikia ukinung'unika. Ulichuma chai kama mtu aliyeajiriwa, majani mawili na chipukizi, na majirani wakakufuata huko huko na magonjwa yao. Nakumbuka mzee Ondieki alivua gumbuti katikati ya mistari ya chai ili akuonyeshe kidole, na wewe ukapiga magoti kwenye tope ukakiangalia kana kwamba mko ndani ya hospitali kubwa. Jioni ile nilimwambia mama yako kwamba hata wasipokuita kamwe, huyu tayari ni daktari. Nilisema kwa kiburi, na usiku nikalala vibaya, kwa sababu sokoni Nyamache kuna watu ambao kila wakiniona walikuwa na swali moja: "Makori, daktari bado anachuma?" Wanauliza wakitabasamu. Swali hilo lilikuwa likinila kuliko nilivyoonyesha.

Ndiyo maana Alhamisi jioni, ulipoingia na simu mkononi ukisema mmepangiwa vituo na ofa imefika, mimi nilikuwa nimeshasema ndiyo kabla hujamaliza. Ulituambia mko tisa mtakaoripoti katika hospitali mliyopangiwa, kwamba wenzako wanane wamekuchagua uwe msemaji wao, na kwamba Jumatatu asubuhi mnatakiwa kurudisha fomu, mmekubali au mmekataa, wote kwa jibu moja. Ukatuambia pia kwamba msimamizi wa pale alikupigia simu wewe binafsi, akakukaribisha, akasema chumba chako ndani ya ua wa hospitali kiko tayari, na wale wengine watatafutiwa baadaye. Ulifurahi. Mama yako akapiga vigelegele, nami nikapiga meza.

Kisha mama yako akakuomba umsomee karatasi yenyewe, ambayo ulikuwa umeichapisha pale kwa kijana wa mashine, sokoni. Ukamsomea. Ilikuwa kwa Kiingereza, wewe ukaigeuza Ekegusii ukiwa umesimama, haraka haraka, kwa sauti nzuri ambayo najua ulikoitoa. Ukasema: wametuongezea posho, zamu zimepunguzwa, tutapewa nyumba. Mama yako akasema Mungu ni mwema. Mimi nikasema, "Weka sahihi, mama. Usingoje Jumatatu." Ukanijibu kwamba wenzako hawana uvumilivu wa kusoma kurasa sita, kwa hiyo utawafupishia kwenye lile kundi lenu la simu, ukiwa safarini Jumapili, halafu wote mtaweka sahihi.

Uliiacha karatasi mezani ukaenda kuoga. Nikaichukua, nikavaa miwani.

Mstari wa posho una maneno mawili madogo ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili ni "hadi". Nyongeza ya hadi kiasi kile. Mstari wa zamu unayo pia: zamu zitapunguzwa kwa hadi saa kadhaa kwa wiki, kadiri huduma itakavyoruhusu. Na mstari wa nyumba unasema itatolewa panapowezekana. Ukimsomea mama yako uliyaruka yote matatu. Hukumdanganya, najua. Ulikuwa na furaha, naye alikuwa na hamu, na maneno madogo hayana nafasi katikati ya watu wawili walio hivyo. Niliketi pale na karatasi mkononi nikairudia mistari hiyo mitatu. Kosa ulilolifanya ni langu, na mimi nililifanya mbele ya watu mia moja na zaidi.

Ile hadithi ya mimi kuwapigania wachumaji unaijua. Umeisikia kwenye harusi na matangani, na mara nyingi kwangu mwenyewe: kwamba nilipokuwa kijana nilifanya kazi katika shamba kubwa la chai upande wa Nyansiongo, kwamba tuliweka vikapu chini siku nne, kwamba mimi ndiye niliyeingia kwa meneja nikatoka na nyongeza. Yote hayo yalitokea. Ninachokuandikia sasa ni kile ninachokiruka kila mara.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na cheti cha kidato cha nne ambacho wengi pale hawakuwa nacho. Ndiyo sababu walinichagua. Siku ya nne meneja aliniita ofisini, akanipa kiti. Moraa, hakuna kibarua aliyekuwa amewahi kukalia kiti katika ofisi ile. Tulikuwa tukisimama mlangoni na kofia mkononi. Akaniletea chai ya maziwa na mkate uliopakwa siagi, akaniambia kwamba ameona mimi si kama wale wengine, mimi ni mtu wa kuelewa. Kisha akanipa tangazo lililochapwa kwa Kiswahili. "Soma," akasema, "ukiridhika uwasomee watu wako."

Nilisoma huku nikitafuna. Tangazo lilisema nyongeza ya hadi shilingi moja kwa kila kilo, kulingana na ubora wa jani. Macho yangu yaliona shilingi moja. Kwa wakati ule shilingi nzima kwa kilo ilikuwa jambo kubwa, ilikuwa ni sawa na kuongezewa mkono wa tatu. Hata hivyo sitakuambia sikuliona neno "hadi". Nililiona. Nilitaka kuuliza linamaanisha nini hasa, nani atapima huo ubora, na atakayepata senti tano atakuwa nani. Lakini mtu ameshaniita wa kuelewa, na mtu wa kuelewa hauliziulizi. Nikameza mkate, nikasema asante.

Nje walikuwa wamekaa kwenye nyasi karibu na banda la mizani, wengi wao wanawake, tangu asubuhi. Nikapanda juu ya kreti. Nikawatafsiria kwa Ekegusii, na ile sauti uliyoirithi ikatoka. Ekegusii kina neno lake la "hadi", si kwamba hakina. Sikulitumia. Nilisema, "Wametuongezea shilingi." Wakasimama wote. Kuna waliolia. Nilibebwa juu juu mpaka barabarani, na nikikudanganya kwamba sikuipenda siku ile nitakuwa nimeanza tena.

Katikati yao alikuwapo mama mmoja anaitwa Kerubo. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, mchumaji mwepesi kuliko sisi wote. Wiki ile ile alikuwa amepata kazi ya kupika katika shule moja mjini Kisii, kazi ya ndani, isiyo na mvua wala umande, nao walikuwa wanamngoja aseme ndiyo. Aliposikia shilingi, akapiga hesabu ya vidole, akaona kwa mikono yake chai italipa kuliko sufuria. Akawatumia ujumbe kwamba haendi. Wakamchukua mwingine.

Mwisho wa mwezi nyongeza ilikuwa senti kumi. Wachache walipata zaidi kidogo, waliokuwa karibu na karani.

Kerubo alinijia jioni nikiwa naosha miguu nje ya chumba changu. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Makori, yale maneno uliyasoma, ama uliyaimba?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Ningesema: kulikuwa na neno, nililiona, nikaliruka. Angenitukana, labda wote wangenitukana, na tungerudi kwa meneja tukiwa na hasira ya kweli mkononi. Badala yake nilimwambia kwamba meneja amebadilisha maneno baadaye. Nilisema hivyo bila kukwama, kwa Ekegusii kizuri. Alinitazama, akasema "Haya," akaenda zake.

Mwezi uliofuata meneja alinifanya nyapara. Aliniambia, "Wewe unajua kuongea na watu." Nikapata buti, koti la mvua, chumba chenye saruji chini na mshahara wa mwezi, nikaacha kupimiwa kilo. Niliikubali kazi hiyo siku hiyo hiyo. Nikapita kati ya mistari na kitabu cheusi cha kuandikia kilo miaka kumi na moja, na Kerubo akichuma chini ya macho yangu. Nilimwoa mama yako nikiwa nyapara. Ulizaliwa nikiwa nyapara. Viatu vyako vya kwanza vya shule na karo yako ya kwanza vilitoka humo, na ninapokusikia ukiwaambia watu kwamba umesoma kwa jasho la baba yako mpigania haki, huwa ninatafuta kitu cha kufanya jikoni.

Sikuandikii haya ili ujione una deni la mtu. Ulikuwa mtoto, ulivaa viatu ulivyopewa. Nayaandika kwa sababu nataka uelewe jinsi kitu kile kilivyonipata. Hakuna aliyenipa hongo. Kama mtu angenipa bahasha ningemtupia usoni, na ningekuwa shujaa wa kweli. Nilipewa kiti, chai, na sifa ya kuelewa. Ni vitu vizuri hivyo, hata kwa wema hutolewa. Huyo msimamizi aliyekupigia kuhusu chumba huenda ni mtu mwema kabisa, ambaye chumba kilikuwa wazi akafikiria msichana anayetoka mbali. Mimi simjui na sitamchafulia jina. Ninachojua ni kwamba ukishalala kwenye kitanda ambacho wenzako wanane hawana, itakuwa vigumu kidogo kuuliza swali la tatu, lile la nyumba. Vigumu kidogo tu. Kwangu hicho kidogo kilitosha.

Jana Ijumaa, nilipokuambia naenda kuangalia miche ya chai, nilipanda bodaboda mpaka Nyacheki, anakoishi Kerubo sasa na mwanawe wa kiume. Uliniuliza ule mkungu wa ndizi jikoni umetoka wapi, nikasema nimenunua. Umetoka kwake. Nisamehe na hilo pia.

Nilimkuta ameketi nje anamenya ndizi za jioni. Amezeeka, lakini mikono ni ile ile. Hakusimama. "Karibu, nyapara," akasema. Mpaka leo ananiita hivyo.

Nikakaa kwenye kigoda. Tuliongea mvua, tukaongea bei ya majani, nikamwambia daktari wetu anaondoka, akafurahi kwa dhati. Kisha nikakwama. Akanirahisishia.

"Umekuja na neno. Liseme kabla mwanangu hajarudi."

"Ni kuhusu ile karatasi ya meneja," nikasema. "Ile ya shilingi."

"Ile ya 'hadi'?"

Aliitamka kwa Kiswahili, hivyo hivyo, bila kuacha kumenya. Nikamuuliza alijuaje.

"Niliisoma siku ya malipo. Ilikuwa bado imebandikwa bandani. Mimi nilifika darasa la saba, Makori. Hakuna aliyeniuliza."

"Na jioni ile ulipokuja kwangu?"

"Nilikuwa nimeshaisoma. Nilikuja nione kama utaniambia."

Nilimuuliza ilikuwaje akafanya kazi chini yangu miaka yote ile akijua.

"Mwanzoni nilikuwa nikikuona unakuja na kile kitabu, nasema, leo ataniambia. Kila asubuhi hivyo. Baadaye nikaacha kungoja, nikachuma chai yangu."

Nikamwambia, "Nisamehe, mama."

Akasema, "Nimesikia."

Ni hilo tu alilonipa, na ndizi. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe, na sina haki ya kumharakisha. Aliniambia ndizi ni za daktari, ale kabla ya safari. Nikiwa naondoka, akaniuliza kama wewe pia unajua kuongea na watu kama mimi. Nikamwambia unajua kunishinda. Akatikisa kichwa akaendelea kumenya, na nilirudi nyumbani nikiwa nimeketi nyuma ya ile pikipiki kama gunia.

Niliumia zaidi kwa kile alichosema kuhusu kungoja kuliko kwa kosa lenyewe. Kosa la kreti lilichukua dakika moja, na mtu yeyote mwenye njaa ya kupendwa angeweza kulifanya. Lakini asubuhi zote zile za miaka kumi na moja nilikuwa na mtu mbele yangu aliyeniachia mlango wazi, na mimi nikapita nikiandika kilo. Nilifikiri siri yangu ni salama. Haikuwa hata siri.

Sasa nirudi kwenye karatasi yako, maana usije ukadhani nakutuma uende ukakatae. Sijui kama ofa ile ni mbaya. Inawezekana ndiyo bora mtakayoipata mwaka huu, na kwamba kuikubali ndiyo busara. Mmekaa sana, wagonjwa wapo, na wewe una hamu ya kazi mpaka nakuona ukipima mapigo ya moyo ya ng'ombe. Ukiweka sahihi ukiwa umejua unachokitia sahihi, mimi nitasimama na wewe. Ninachokuomba ni kidogo kuliko hapo. Usiwafupishie wenzako. Wasomee kurasa zote sita, wakinung'unika wanung'unike, wakisema Moraa unatuchosha, wachoshe. Ukifika kwenye "hadi" simama, na uulize kwa maandishi hadi ina maana gani, na nani ataamua. Waambie pia habari ya chumba, wewe mwenyewe, mapema, kabla hawajakiona. Huenda mmoja atakasirika. Wengine watakuuliza tu kama kina dirisha.

Na ikiwa umeshawaambia maneno matamu, maana najua vidole vyenu na hizo simu, basi rudi uwaambie ulikosea. Niamini mimi niliyechelewa: siku ya kwanza jambo hilo linauma kidogo sana.

Nina hakika utaweza. Sisemi hivyo kukutia moyo. Mimi nilijua kuyapamba maneno, hicho ndicho kipaji changu, na wewe ulikuwa na miaka tisa na wimbi mdomoni ukaona tofauti ya wengi na wote. Alhamisi ulilisahau hilo kwa dakika mbili kwa sababu ya furaha, na furaha hiyo sisi ndio tulioiwasha, mimi hasa, kwa kupiga meza. Utalikumbuka. Pengine umeshalikumbuka, na ninapoteza wino bure.

Limebaki lile nililokuambia mezani, uweke sahihi usingoje Jumatatu. Ninalirudisha. Sikulisema kwa kuwa nilikuwa nimeipima ofa. Nililisema kwa sababu ya wale wanaouliza sokoni wakitabasamu. Niliogopa kwamba mtakataa, mambo yaharibike, urudi tena nyumbani kuchuma, na mimi nipite Nyamache na swali lile mgongoni mwaka mwingine. Yaani nilikuwa tayari uuze saa zako za kulala, na pengine za wale wanane ambao hata sijawaona, ili mimi nitembee sokoni kwa raha. Nimeandika sentensi hiyo polepole sana, na ndivyo ilivyo.

Unajua watu wa kwetu jambo likiwaharibikia huko mbali wanavyorudi. Hushuka garini giza limeingia, hupita njia ya mtoni, na asubuhi jirani husikia kikohozi akajua kuna mtu amerudi. Wewe usije ukafanya hivyo kwa ajili yangu. Mkisoma yote, mkauliza yote, mkaona haifai mkakataa, na wakawaambia mwende nyumbani, panda gari la asubuhi ufike mchana. Fika siku ya soko. Nipigie simu uniambie umefika wapi, nami nitakuja stendi nikiwa nimevaa koti langu la kanisani, nitabeba sanduku lako kichwani, na tutapita katikati ya wauza ndizi wote na wale wanaotabasamu, mimi mbele, wewe nyuma. Wakiniuliza kama daktari amerudi kuchuma, nitawaambia ndiyo, amerudi, na sitaongeza neno.

Ni mimi,
tata yako,
Makori